Gari Moja na Mkwe

Arusha, 2 Aprili 1997

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamepunguza kelele. Mimi naendelea, ila daktari amenikataza kutoka kitandani mpaka mimba itulie. Mama je?

Bibi, yule daktari wa macho aliniita pembeni. Mwaka huu ukiisha, huenda Mama asione tena. Sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na wewe unajua anachokitamani tangu sisi wadogo: kuiona bahari.

Nimeshapanga. Masika hii watalii hawapo, na bosi wa mume wangu Kiango amekubali kumwazima gari. Yeye mwenyewe atakuja kuwachukua. Mtalala Serengeti kwenye mahema, Mama aone tembo na simba, kisha mtapita hapa kunisalimu, mshuke Pangani kwa wazazi wa Kiango, muogelee. Mkwe wake atamtunza kama yai.

Gari linatakiwa kurudi kabla ya Juni. Msikatae.

Mjukuu wako,
Matinde


Tarime, 11 Aprili 1997

Matinde, mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Mama yako mzima, ila jana alimimina uji nje ya bakuli akasingizia paka. Wewe lala, usijifanye shujaa.

Sasa nikuulize, huko Arusha mnakunywa nini? Mama yako apande gari moja na mkwe wake? Kiango hajawahi hata kumwona akitafuna. Siku ya harusi yako mama yako alikula jikoni, mgongo mlangoni. Wewe unataka alale hema jirani, amsikie mkwe akikoroma, asubuhi wapigane vikumbo wakitafuta choo. Halafu umalizie na kumvua nguo baharini. Si ungemwua tu hapa nyumbani, tukaokoa petroli.

Kiango ni Mbondei, simlaumu. Wewe ni Mkurya, umelelewa mgongoni mwangu, unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani.

Mimi naweza kuja. Mimi ni bibi, yule ni mume wangu, nitamtania mpaka baharini. Mama yako ndiye mtihani. Usimtume mtu mpaka nikwambie.

Bibi yako


Arusha, 28 Aprili 1997

Shikamoo Bibi,

Hatujambo. Kiango amerudi jana na gari tupu.

Ndiyo, nilimtuma. Nilidhani Mama akiliona gari mlangoni atapanda. Kiango anasema alikuta uji wa Mama bado wa moto na mwenyewe hayupo. Alingoja mpaka jioni. Halalamiki, lakini ameniuliza, "Mama yako ananichukia kwa lipi?" Nimjibu nini?

Hiyo heshima itamsaidia nini akishakuwa gizani? Asipoiona bahari, lawama ni yako, si ya mila.

Matinde


Tarime, 9 Mei 1997

Matinde,

Salamu zangu zipokee hata kama umenuna. Umeweka jina tupu mwishoni, kama mtu wa idara ya maji. Nimeliona.

Sasa sikia yaliyotokea. Mama yako aliposikia gari alitokea mlango wa nyuma, akalala kwenye mihogo, mvua yote ikamwishia mgongoni. Nilimkuta anatetemeka. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, unakimbia nini? Mkwe au simba?"

Akasema, "Mama, mimi nataka kwenda. Ndiyo maana nimekimbia. Ningebaki, ningepanda."

Nikakaa naye kwenye tope. Mwanangu nilishamzika, huyu mke wake ndiye mwana niliyebakiwa naye. Sitamwacha apofuke akitazama mihogo.

Kwa hiyo Kiango aje. Nyuma ya kiti chake afunge kitenge kizito. Mbele nakaa mimi. Chakula ale upande wake wa gari. Baharini atupe mgongo, atazame minazi mpaka nimwite. Na mwambie mama mkwe hamchukii. Kwetu, mtu akikukimbia hivyo ujue anakuheshimu mpaka anaugua.

Watakaosema, waje waniulize mimi.

Bibi yako, bado mke mwenzio


Pangani, 27 Mei 1997

Matinde, mke mwenzangu,

Tumefika, na wakwe zako wanatulisha samaki kama wanatunenepesha tuuzwe. Mtoto anacheza tumboni? Nina habari, na kwa kuwa uko kitandani naanza na mwisho: wote wazima.

Leo maji yalikuwa yamekupwa. Mama yako akayafuata kwenye mchanga, akaenda mbali. Kiango yuko kwenye minazi, mgongo kwetu, kama tulivyopatana. Maji yakaanza kujaa, yakapitia pembeni, kule asikoona, yakamzunguka. Nikaita, upepo ukala sauti. Nikamgeukia Kiango.

"Mume wangu, geuka."

"Bibi, si ulinikataza?"

"Geuka, mpumbavu wangu. Anakufa."

Alikimbia. Mama yako maji kiunoni, anazunguka tu, hajui nchi kavu iko wapi. Kiango akasimama kabla ya kumfikia. Hakumgusa. Akampa mgongo, akaanza kusema kwa sauti kubwa, lolote lililomjia: gari linavyokula mafuta, wewe unavyounguza chapati. Anatembea huku anasema, na mama yako nyuma anaifuata sauti. Walipokaribia nchi kavu ndipo nikamsikia mama yako, ambaye hajawahi kumtamkia neno.

"Baba, usiende haraka."

Kiango akapunguza mwendo. Hakugeuka.

Nyumbani wataniuliza, nami nitajibu. Mama yako aliketi mchangani ameloa, akatazama bahari akizungusha kichwa polepole, kipande kwa kipande, mpaka akaimaliza yote.

Kesho anataka turudi tena baharini. Amesema mkwe asikae mbali vile.

Bibi yako