Bakora ya Baba Mkwe

Jumapili, Mapinga

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikanuna.

Mwezi uliopita nilikuwa Kiwangwa kwa dada. Kurudi, jirani yangu mpya, huyu aliyehamia kutoka mjini, akanipokea kwa furaha: "Mama, nimefyeka kile kichaka cha miba kiwanjani kwangu!"

Kichaka! Ulikuwa mpingo. Kwa nje ni kweli hauvutii, gome la kijivu na miba tupu. Weusi wake uko ndani. Magogo alimpa Mwanahamisi, muuza vitumbua, akayafanye kuni. Pale pale akapanda miashoki, imejipanga kama askari wa gwaride, na inapata maji kuliko mbuzi wangu.

Mwashoki, mti wa kuletwa, uliojaa kwenye kila geti kuanzia hapa mpaka Dar! Huo hata ukikauka hakuna atakayeulilia. Mpingo ndio unaotuishia, na kuukata sharti uwe na kibali.

Leo kaja na kanzu yake imenyooka. "Shikamoo mama. Namtafutia baba mkwe bakora ya mpingo halisi, lakini mafundi wanasema umeadimika. Watu hawana huruma na miti."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kwa Mwanahamisi. Kama haijaisha, bakora yako iko chini ya karai."



Umebaki mpingo mmoja, nyuma ya choo chetu. Naogopa, maana kaka zangu wanataka kuuza kiwanja chetu. Mteja wa jana amekipenda sana. Aliuliza jambo moja tu: hicho kichaka mtaking'oa lini?