Kitako Chepesi cha Bunduki

Kiwalani, Dar

Kaka Albano, shikamoo.

Sie huku wazima, ila joto. Kitako cha bunduki yako nilishakichonga. Mpingo ungekulemea kwa mkono huo uliopooza, na mbao nyepesi dukani hazishikiki kwa bei, basi nikavunja kitanda cha marehemu mama.

Uliniambia ni nguruwe wanaomaliza mihogo. Jana wifi, mkeo, kanipigia analia: nguruwe hawajaonekana tangu masika. Unayemvizia ni Benjamin, mdogo wetu, kisa mikorosho mnayogombea!

Kitako nimekikata. Sasa ni mshikio wa mkongojo ninaokutumia. Mama alituzaa sote watatu juu ya mbao hiyo, kaka. Uegemee, uende kwa Benjamin ukapige hodi.

Mdogo wako,
Sesilia