Sabuni ya Chumvi na Pua ya Mama

Chumba cha Sabuni,
Nyuma ya Duka la Viatu,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Habari za huko na baridi yenu? Natumaini unakula vizuri, na miguu haivimbi tena kwa kusimama kazini kutwa. Huku hatujambo. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa magadi makali. Mama naye mzima wa mwili. Pua yake tu ndiyo imekufa.

Usishtuke, haumwi popote. Ni ile homa ya mafua ya mwezi wa kumi na moja. Ilipoondoka iliondoka na pua. Hasikii harufu yoyote sasa, si maziwa yaliyoungua, si choo. Alituficha miezi mitatu, na mimi ndiye niliyemfichua. Nakueleza mwenyewe kabla shangazi hajakupigia simu, maana kwa kidomodomo chake atakuambia nina roho mbaya. Sikatai. Lakini nisikilize kwanza.

Unalijua kabati la manukato. Chupa kumi na mbili za rangi moja, hata moja haina karatasi ya jina. Mama alisema anayehitaji kusoma ndipo ajue waridi ni waridi, huyo akafagie. Basi mimi nilifagia. Miaka ishirini na miwili nasaga chumvi, nakoroga sufuria, naungua vidole, na ufunguo wa kabati lile sijawahi kuushika. Wewe ulikuwa na miaka tisa ulipomwambia karafuu imezidi, Mama akakubeba mgongoni akakuzungusha mtaa mzima. Mimi nilipochagua mara yangu ya kwanza, ndimu na mdalasini, alinusa, akatema mate, akamwaga sufuria nzima mtaroni. Tangu siku hiyo nikawa Pua Mbao, tena mbele ya wateja.

Nikasema labda nikikua atanilainikia. Wapi!

Nilianza kushtuka mwezi wa kwanza. Waridi akaliacha, mrehani akauacha. Kila sabuni ikawa mkaratusi, mnanaa, karafuu, vile vinavyochoma. Kumbe alikuwa hasikii harufu, anasikia kule kuchoma tu, ndiko anakokufuata. Siku moja alimimina karafuu mara tatu ya kipimo. Karafuu ikizidi hugandisha sabuni; mchanganyiko uliganda palepale, mwiko ukasimama wima katikati ya sufuria. Tulichookoa nilikiogea mimi, kwapa zikaniwaka siku mbili. Usidhani natia chumvi, ingawa chumvi ndiyo kazi yangu.

Nikaanza kumchunguza. Akifungua kabati anagusa chupa kwa kidole kuanzia kushoto, midomo inamcheza. Anahesabu! Waridi chupa ya nne, mrehani ya saba. Nilisimama nyuma yake moyo unanidunda kwa furaha. Ndiyo, furaha. Sitakudanganya.

Sasa akaja yule mama mwenye nyumba ya wageni, yule mnene mwenye miwani ya mnyororo. Anataka vipande mia nne vya sabuni ya chumvi kwa ajili ya vyumba vyake, harufu moja tu, ya kwake peke yake, na kwanza anusishwe waridi. Mama akamwambia asiwe na wasiwasi, hata yeye akichoka, kabati litashikwa na binti yake mdogo aliye mbali, siku akirudi. Alisema hivyo mimi nipo pale pale, nimeshika sinia la chai. Mgeni akanionyesha kwa kidevu, akauliza, na huyu je? Mama akacheka.

"Huyu? Huyu ni wa kukoroga tu."

Nilitua sinia taratibu. Sikumwaga hata tone.

Mgeni alisema atarudi keshokutwa kuja kunusa. Kesho yake Mama alipoingia kuoga, ufunguo aliuvua shingoni akauacha kwenye msumari. Nikafungua kabati. Waridi la chupa ya nne nikalihamishia kwenye kopo, sikulimwaga, mimi si mwendawazimu. Ndani ya chupa nikatia mafuta yaliyokaangiwa samaki wa jana yake. Nikafunga, nikarudisha ufunguo, nikaenda kusaga chumvi huku naimba.

Siku yenyewe Mama alivaa gauni lake la kijani. Akadondosha matone juu ya chumvi kwenye kisosi, akafunika na bakuli, tukanywa chai wakati harufu inatulia ndani ya chumvi, kama ilivyo kawaida yake. Alipofunua aliinama, akafumba macho. Akasema hili waridi ni la asubuhi, bado lina umande, na likikaa mwezi mzima na chumvi litatulia lenyewe. Alisema kwa sauti ile yake nzuri, ile uliyokuwa ukiiiga ulipokuwa mdogo mpaka tunavunjika mbavu. Mgeni naye akainama. Akarudi nyuma na kiti chake. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mama.

"Mama, samahani, hii si samaki?"

Nikasema mimi, kwa sauti ya kumfikia hata muuza viatu: Mama hana pua tangu mwezi wa kumi na moja, anahesabu chupa kwa kidole kama mtoto wa shule. Halafu nikaongeza, Kitinda, bila kuulizwa na mtu, kwamba sasa Pua Mbao ni yeye.

Mgeni alicheka. Nadhani ni kwa kukosa la kufanya, lakini alicheka. Mama uso ulimshuka, nikamwona mzee ghafla. Alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akatoka nje na gauni lake la kijani. Heri angenitukana.

Basi kabati nimelipata. Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Nilibandika majina kwenye chupa zote kwa maandishi makubwa. Mama anapita, haangalii. Wewe alikutaka urudi mwezi wa sita, najua, alishanipa kazi ya kukusafishia chumba. Usije. Nauli hiyo nunua viatu vya kusimamia kazini.

Kuhusu ile sabuni ya mgeni, kwa bahati alirudi, akasema oda bado ipo, nichague mimi. Nimetengeneza vipande vya kujaribia mara tisa. Sasa nimefika kwenye mrehani kidogo, ganda la chungwa, na msandali wa kulishikilia chungwa, maana chungwa peke yake likikaa na chumvi hukimbia. Asubuhi nainusa naona nimepatia. Mchana nainusa naona nimeharibu. Mgeni nimempa vipande vitatu, kasema vyote vizuri. Shemeji yako kasema inanukia sabuni. Watu wa namna hiyo nitawafanya nini?

Ubaya wenyewe ni huu, mdogo wangu. Kabati sikulitaka. Nilitaka Mama anuse kitu nilichochagua mimi aseme, umepatia. Nimekaa miaka yote hiyo nangoja neno moja tu kutoka kwake, na pua ya kulisemea haipo tena. Nilijua haipo siku ile nilipomimina mafuta ya samaki. Nikamimina vilevile.

Juzi nilijikaza nikampelekea kipande. Alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni anachambua mchele. Alikipokea vizuri tu. Akapitisha kidole gumba juu yake, akasema chumvi imesagika, kingo zimetoka safi, nimekitoa kwenye kibati cha kugandishia bado kina joto, ndivyo inavyotakiwa. Miaka yote hajawahi kunisifia hata hayo. Pumbavu mimi sikutosheka. Nikamwambia, na harufu, Mama?

Akanirudishia kipande mkononi.

"Siisikii. Na ningeisikia, wewe nisingekwambia."

Akaendelea na mchele wake. Nikarudi na kipande changu chumba cha sabuni.

Kwa hiyo imebaki pua yako. Naichukia, wewe mwenyewe unajua, lakini ndiyo pekee Mama aliyowahi kuiamini. Ndani ya bahasha kuna kipande nimekifunga kwa karatasi ya nta ili kisichanganyike na harufu ya njiani. Kinuse asubuhi kabla ya chai. Niambie kama nimepatia au sikupatia. Usinionee huruma, nitaijua huruma yako hata kwa barua. Sufuria za oda sitaziweka jikoni mpaka nipate jibu.

Wasalimie jirani yako mpishi na watoto wake. Shemeji yako anakusalimu sana. Baba mdogo anakusalimu, meno mapya yamemkaa vizuri, sasa anacheka ovyo. Shangazi naye anakusalimu, ingawa najua mmeshaongea.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho. Nilimwambia nakuandikia, na nakutumia sabuni uinuse. Akasema nikufikishie neno lake, nisipunguze wala nisiongeze. Nikaahidi. Neno lenyewe ni hili: amesema anakupenda sana, na amekukataza kuinusa.

Mungu akukinge na baridi hiyo, akuepushe na mafua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea wivu,
Mkubwa wako.