Mama yangu mzazi ananiita dereva

Mpendwa mshauri, Bibi Kashindye, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu hapa nilipofika kichwa hakifanyi kazi tena, na ukifika mwisho wa barua hii utaona mwenyewe kwamba mimi nimeonewa.

Mimi ni dereva wa hoteli moja hapa Mwanza, kazi yangu ni kuwatoa wageni hotelini na kuwafikisha kwenye meli ya kitalii inayozunguka visiwa, na meli hiyo haifiki hapa mjini, ina gati lake binafsi kule mbali, unapita Magu, unapita Bunda, unaiacha barabara kuu unakwenda mpaka karibu na Kisorya, na wageni wengi ni wazee, wanachoka, wanalalamika, lakini mimi nawafikisha, nashusha masanduku, nawashika mkono mmoja mmoja mpaka ndani ya meli, na kanuni ya kazi yetu ni kwamba dereva haondoki gatini mpaka meli iondoke, unasimama pale unapunga mkono mpaka wasikuone tena. Kwa kazi hiyo nimejenga Nyegezi na nimeoa, mke wangu anaitwa Rebeka.

Sasa mama yangu anaishi Nansio, kule kisiwani Ukerewe, anauza machungwa sokoni, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, Nansio nzima hakuna anayemwita kwa jina lake, wote wanamwita Mama Yeremia. Alipata mtoto wa jicho macho yote mawili, nikamleta Mwanza, akakaa kwetu, akapasuliwa jicho moja, daktari akasema arudi mvua zikiisha kwa jicho la pili na asicheleweshe. Siku ya kurudi kwake, meli ya Nansio ilikuwa kwenye matengenezo, abiria wote wakaambiwa wazungukie Kisorya wakapande kivuko, nami siku hiyo hiyo nilikuwa na wageni wa kupeleka njia hiyo hiyo, nikasema kwa nini mama ahangaike na mabasi na jicho lina plasta, nikamchukua, nikamkalisha siti ya nyuma kabisa pamoja na masanduku, na kosa langu hapo liko wapi?

Ieleweke kwamba gari la hoteli haliruhusiwi kubeba mtu wa nje na meneja wetu ni mkali. Na mama alikuwa amevaa kitenge chake kile kilichopauka, miguuni kandambili, mapajani amepakata beseni jipya alilonunuliwa na Rebeka, na wageni walikuwa mzee na mke wake, Wazungu, watu safi, na mbele kwangu amekaa Winnie, mwongoza wageni wetu, binti msomi, ambaye kwa kweli nilishawahi kumwambia kwamba kwetu ni watu wenye uwezo. Tulipopita Magu, Winnie akageuka nyuma, akamwamkia mama, kisha akaniuliza kwa sauti, "Kaka Yeremia, huyu bibi ni mama yako? Mbona mnafanana hivi?"

Nikasema, "Hapana bwana, ni mama mmoja tu wa kule Nansio, nimemwonea huruma."

Yalinitoka tu. Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema, tena kwa upole, "Ndiyo mwanangu, mimi ni abiria tu. Dereva wenu ana huruma." Winnie akamtafsiria yule bibi wa Kizungu, yule bibi akaguswa, akavua miwani yake ya jua akamvisha mama kwa ajili ya lile jicho.

Tulipofika gatini nilifanya kazi yangu, nikashusha masanduku, nikamshika mkono yule bibi wa Kizungu mpaka ndani, nikasimama napunga kama kanuni inavyosema, na nilipogeuka mama alikuwa ameshashuka mwenyewe, beseni kichwani, anaelekea kule kwenye kivuko, na kutoka pale ni mwendo, na jua lilikuwa kali, na mtu asiyemjua amemshika kiwiko. Ningemkimbilia vipi na Winnie yuko pale?

Tangu hapo ni mateso. Nikimpigia simu anapokea, "Habari za kazi, dereva? Barabara nzima?" Nikimwambia ni mimi, mama, ni Yeremia, anasema, "Nakufahamu, ulinipa lifti." Ile miwani anaivaa sokoni mpaka leo, akiulizwa anasema alipewa na mgeni aliyesafiri naye, mtu mwenye utu. Na baya zaidi, amewaambia majirani wasimwite tena Mama Yeremia, wamwite Tereza, jina ambalo hata mimi nililisikia kwa nadra, na kweli wanamwita hivyo, na ndugu wananipigia kuniuliza nimefanya nini. Mvua zimeisha na jicho la pili anasema haji. "Mwanza sina mtu," anasema. Daktari ameonya kwamba likiachwa litazima. Rebeka naye hanisemeshi, anapakua chakula anaondoka.

Bibi, nimewahi kumnyima mama kitu gani? Nilikuwa nalinda kazi. Nimetaka kumtumia teksi imfuate, akakataa. Je, nimtume padri wa parokia yao, au wazee wa ukoo, wamwite wamwamuru aje atibiwe na aache kunidhalilisha kwa kuniita hivyo? Nisaidie, macho yake yanakwisha.

Yeremia, Nyegezi.

BIBI KASHINDYE ANAJIBU

Marahaba, Yeremia. Mimi kusoma sijui. Barua yako nimesomewa hapa Kirumba nikiwa nachambua dagaa, na ilipofika pale kwenye gari nikawaacha dagaa. Nikasema irudiwe, huenda nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya.

Uliniahidi nitaona umeonewa. Sijaona.

Tuanze na hiyo kanuni ya gari, maana umejifunika nayo kama blanketi. Gari halibebi mtu wa nje. Haya. Kwani "mama mmoja tu wa kule Nansio" ni mtu wa ndani? Kanuni ulishaivunja pale alipokanyaga mlango. Tena ungesema, "Ni mama yangu, ametoka kupasuliwa jicho," hata huyo meneja mkali angepata pa kukusamehe. Hukuwa unalinda kazi wewe. Ulikuwa unalinda uongo uliomwambia Winnie, kwamba kwenu mna uwezo. Kitenge ndicho kilichokutoa jasho. Kama sivyo, mbona umekitaja? Nani alikuuliza mama kavaa nini?

Na kitenge hicho, baba, kimepauka kwa jua la sokoni, kwenye machungwa yaliyokulisha mpaka miguu yako ikafika kwenye breki.

Sasa kuna jambo limekupita, na ndilo lililoniliza mimi. Mama yako alikuwa na mdomo. Angeweza kusema pale pale, "Yeremia, unanikana mimi niliyekuzaa?" Ungejificha wapi? Umesema mwenyewe alinyamaza kidogo. Unajua alikuwa anafanya nini humo ndani ya kunyamaza? Alikuwa anachagua kati ya jina lake na kazi yako. Akachagua kazi yako. Wewe unamtupa, yeye anakushikia uongo wako usianguke mbele za watu. Halafu leo unaniandikia kwamba anakudhalilisha!

Hakutukani akikuita dereva. Anautunza ule uongo mpaka uende ukauchukue, maana ni mali yako.

Na hilo la jina. Mama Yeremia lilikuwa jina lake, alilipata siku ile ya uchungu wako, na tangu siku hiyo akaliweka kando lile alilopewa na baba yake. Wewe ukamvua mbele ya wageni, njiani, ukamwacha hivyo hivyo. Ulitaka aitwe nani? Amerudi kwa Tereza. Huyo angalau hakuna wa kumkana.

Nakugombeza na bado sijamaliza, lakini mtu aliyekufa moyo haandiki barua ndefu namna hii. Mtoto asiyempenda mama yake hampeleki kupasuliwa. Mwishoni kabisa umesema macho yake yanakwisha, na hilo ndilo neno lako la kwanza la kweli katika karatasi yote. Ungeanza nalo, ningekupikia uji. Aibu ni ugonjwa, mwanangu, na mjini hapa unawashika wengi. Dawa yake ni chungu na utainywa yote.

Padri mwache na misa zake. Wazee wa ukoo waache. Hukuwatuma kwenda kumkana, kwa hiyo usiwatume kwenda kukuombea. Na habari ya teksi usiithubutu tena, maana kaumia akiwa ndani ya gari na wewe unamtumia gari lingine.

Anza na Winnie. Kesho ukifika kazini mwambie, "Yule bibi mwenye beseni ni mama yangu." Usiongeze neno. Akicheka, acha acheke. Akiwatangazia wenzako, amekupunguzia kazi. Nakupeleka huko kwanza kwa sababu kumwita mama ukiwa Nansio ni rahisi, Nansio wote wanajua. Ulimkana mbele ya Winnie, utamkiri mbele ya Winnie.

Ukimaliza hapo omba ruhusa, panda basi kama abiria wengine. Fika Kisorya, na ile njia aliyotembea kutoka gatini mpaka kwenye kivuko, itembee wewe, jua likiwaka. Usibebe zawadi. Kitenge kipya ndiyo kabisa usikiguse, atajua ni kipi kilichokuwa kinakuaibisha. Vuka, ingia sokoni panapouzwa machungwa, useme kwa sauti ile ile uliyomjibia Winnie, "Namtafuta Mama Yeremia." Watakwambia hapa hayupo mtu wa jina hilo, yupo Tereza. Waambie, "Mimi ndiye Yeremia. Namtafuta mama yangu." Kisha nyamaza. Yeye alinyamaza kwenye gari, sasa ni zamu yako. Akisema, "Karibu, dereva," itika, "Naam, mama." Akirudia, nawe rudia. Habari za meneja zimeze. Kaa chini, mpangie machungwa, na jua likipungua mbebee hilo beseni kichwani mpaka nyumbani, wanaume wenzako wakuone.

Jicho sasa, na hapa sitaki mchezo. Hapa nasema na Tereza pia, maana najua huko Nansio yupo atakayemsomea. Mama mwenzangu, pole. Hasira yako ni ya haki, kaa nayo kadiri utakavyo, lakini usiilishe jicho lako. Ukipofuka, huyu atalia siku chache arudi kwenye usukani, na wewe utabaki kupapasa ukuta. Miwani ya yule mgeni ivae tu, mimi mwenyewe nisingeivua. Lakini njoo utibiwe. Umesema Mwanza huna mtu, na Rebeka aliyekununulia beseni ni nani?

Yeremia, akikataa kufuatana na wewe usibishane naye, Rebeka amfuate. Mpeni mama chumba chenu, wewe lala sebuleni. Na usimngojee akusamehe ndipo umpeleke hospitali. Aje hata kama bado anakuita dereva. Jicho linatibiwa kwanza, hayo mengine yatafuata yakitaka.

Siku ya kurudi kwake, na plasta kwenye jicho hilo la pili, mpeleke mwenyewe mpaka Kisorya. Kaa naye siti moja. Mshike mkono, siyo kiwiko, mpaka ndani ya kivuko, umtafutie pa kukaa penye kivuli. Kisha shuka, usimame pale ufukweni kama kanuni ya kazi yenu inavyosema, upunge mpaka kivuko kipotee.

Huenda asigeuke kukutazama. Punga hivyo hivyo.