Namna ya Kuanguka

Nyumba ya mabati mekundu,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za kujaza gunia. U mzima? Na kile kifua, baridi ya huko imekiachia? Mimi bado kijana, na paa nililoezeka mimi halivuji, muulize yeyote. Mama anaumwa miguu, ila ulimi hauumwi hata kidogo.

Sasa kaa chini. Kwenye simu Mama alikwambia binti yako alichubuka tu. Alikuficha. Alianguka kwenye ngazi ya jikoni, vidato vitatu, Dada, hata kuku hahangaiki kuviruka. Uso ndio uliotangulia, mikono imelala ubavuni, akajipiga kwenye ukingo wa ndoo. Jicho la kushoto limekufa. Daktari kasema halitarudi.

Nililia, mimi niliyetembea miji ambayo wengine wanaisikia redioni.

Tangu tumzike kaka yake aliyeanguka kutoka kwenye tangi la maji, uliagiza huyu asipande wala asikimbie. Tukatii. Tukambeba mpaka miaka sita, watoto wa hapa wakamwita Yai. Mimi nimeanguka kutoka mapaa ya wakubwa, hata la waziri mmoja, nikainuka nikidai chai. Mikono yangu ilijua kazi yake, maana udogoni tulipanda kila kitu, wewe ukiwa mbele. Ndivyo mwili unavyojifunza: hapa nafika, hapa narudi. Yai angejifunzia wapi, mgongoni kwetu?

Umeagiza tena asitoke nje. Dada, hilo nimekukatalia. Jana nilimpeleka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Mama akafunga dirisha asione.

Watoto wakapiga kelele, "Yai, utapasuka!"

"Mjomba, nishike."

"Sikushiki. Nipo hapa."

Akapanda kwa magoti, akigeuza shingo yote kuutafuta ukingo kwa hilo jicho moja. Niliogopa kuliko siku ya paa la waziri.

Akaanguka. Alilia sana, magoti yakatoka damu. Nikamfuta uso, haukuwa na kitu. Mchanga wote ulikuwa viganjani mwake.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, Mama mwache. Msalimie shemeji, na yule mshonaji mnayepanga naye nyumba. Mungu akufunike huko uliko, na usilie peke yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko mapaa yangu yote,
Kipanga