Mkasi Uliokata Vazi la Mwenyeji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kandy
Jumapili, 16 Novemba 2014, saa 1:15 asubuhi

Jina: Kusumawathie Ekanayake
Umri: Miaka 56
Kazi: Mvalishaji wa maharusi
Makazi: Katugastota, Kandy
Dini: Ubudha

Nimefika kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Nimeambiwa kuwa nitakayosema yataandikwa na huenda yakatumika mahakamani, hata dhidi yangu. Nimeelewa.

Mimi huvalisha maharusi sari ya Kandy na vito vyake, kazi niliyoanza mwaka 1981. Mwezi wa tisa mwaka huu niliajiriwa na kamati ya maandalizi ya shindano la Malkia wa Bahari Saba, ambalo nchi yetu ilikuwa mwenyeji wake kwa mara ya kwanza. Mkuu wa kamati ni Bwana Sarath Wimalaratne. Kazi yangu ilikuwa kumvalisha mshiriki wetu, Yogeswari Muthiah, miaka 22, na siku ya fainali kuwavalisha sari washiriki wote arobaini na wawili. Yogeswari ni binti wa wachuma chai wa upande wa Hatton. Tulikaa naye hoteli moja siku kumi na moja, naye akawa ananiita shangazi.

Mnamo tarehe 14 Novemba, Ijumaa, saa 12:30 asubuhi, nilikuwa chumba namba 412, ghorofa ya nne, nikimtayarisha Yogeswari kwa maonyesho ya mavazi ya taifa. Maonyesho yalipangwa kuanza saa nne kando ya ziwa. Vazi lake lilishonwa Colombo. Lilikuwa zito, lina vyuma vyembamba kifuani na kiunoni, na halikuwa na zipu. Bwana Wimalaratne aliniagiza nimvishe kisha nilishone likiwa mwilini mwake ili lisionyeshe mkunjo hata mmoja. Nililishona kuanzia kwapani hadi nyongani, upande wa kushoto, kwa uzi wa nailoni wa mara mbili. Nakiri kwamba niliona linabana mno.

Yogeswari alisema, "Shangazi, nikipumua mishono inacheka."

Nikamwambia, "Iache icheke humu ndani, mradi isicheke mbele ya wageni."

Alicheka kidogo, akaacha kwa kuwa kucheka kulimuumiza.

Naomba iandikwe kwamba tangu Jumanne binti huyu hakula wali. Bwana Wimalaratne alisema mbele yangu, "Wali una maneno, ukiliwa leo kesho unasimulia." Alipewa tango na ute wa mayai ya kuchemsha. Mimi nilikuwapo na sikusema neno. Maharusi nao hufunga siku ya harusi, nikajiambia ni yale yale.

Saa 2:10 asubuhi Yogeswari alisema haoni vizuri. Nilidhani ni mwanga wa dirishani. Nilipogeuka kuvuta pazia nilisikia kishindo. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na meza. Midomo ilikuwa imepauka na kucha zimeanza kuwa za zambarau. Nilimwita hakuitika. Nilijaribu kufumua mishono kwa meno nikashindwa. Mkasi wangu niliuacha ukumbini chini na vifaa vingine.

Nilifungua mlango nikapiga kelele. Koridoni alikuwapo Selvamani Rasiah, msafishaji wa vyumba, ambaye sote tunamwita Selvi. Nilimwambia, "Mkasi! Mkasi wowote, haraka!" Alikimbia stoo ya mashuka akarudi na mkasi mkubwa. Sidhani dakika mbili zilipita. Kamera ya koridoni lazima imeonyesha hivyo, Selvi akikimbia na mkasi mkononi na kuingia 412.

Mkasi niliupokea mimi. Vazi nililikata mimi, kutoka kwapani hadi nyongani, kisha kifuani kwa kukingama kwa sababu vyuma vilikuwa bado vimembana. Selvi hakukata hata uzi mmoja. Alikuwa amekipakata kichwa cha binti magotini pake, akimpepea kwa kifuniko cha ndoo.

Yogeswari alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetolewa majini. Alipofumbua macho kitu cha kwanza kusema kilikuwa, "Vazi limeharibika?"

Selvi akamjibu, "Vazi gani, mama? Wewe ndiye ulikuwa unaharibika."

Akaenda jikoni kwa wafanyakazi akaleta chai yenye sukari nyingi na sahani ya wali wa tui la nazi. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, akisema, "Wazazi wake wamechuma chai ya dunia nzima, halafu yeye mnamnyima kikombe!" Alisema hivyo akinitazama mimi.

Nilitaka kumwita daktari wa hoteli. Yogeswari alimshika Selvi kifundo cha mkono, akasema, "Dada, usimwambie mtu nimezirai. Wakijua nitatolewa. Kule kwetu wamekodi televisheni, mstari mzima wa nyumba unasubiri."

Selvi akasema, "Mimi nina mdomo wa kula tu."

Kisha alikusanya vipande vya vazi kwenye mfuko wa nguo chafu akatoka navyo, kwa sababu nilimwomba aviondoe kabla mtu hajaviona. Hilo nalo nadhani kamera imelionyesha.

Nilikuwa na sari nyeupe ya Kandy kwenye sanduku langu, ya mteja anayeolewa mwezi ujao. Nikamvika hiyo. Saa 4:25 Yogeswari alipita jukwaani akiwa amevaa sari ya bibi harusi wa mtu, mvua ikiwa inaanza kunyunya, na watu wa Kandy walisimama kumshangilia.

Saa 5:15 asubuhi Bwana Wimalaratne aliniita kwenye ofisi ya kamati, ghorofa ya kwanza. Tulikuwa wawili tu. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hukukata wewe, Mama Kusuma. Na hakuna aliyezirai. Mwenyeji hazirai."

Nikasema, "Lakini, bwana, nimekata."

Akasema wageni kutoka makao makuu ya shindano wameshauliza lilipo vazi. Akasema hawezi kuwaambia kwamba nchi mwenyeji imemshindisha njaa binti yake, bali ataweza kuwaambia kwamba mtu mwenye husuda ameingia na mkasi. Picha za kamera alikuwa ameshaziona.

Nikamuuliza, "Na Selvi?"

Akasema, "Ataulizwa maswali mawili, ataachiwa. Wewe kesho una wasichana arobaini na wawili wa kuwavalisha. Dunia nzima itaitazama sari yetu. Lifikirie hilo."

Nililifikiria. Sitaki kituo kidhani nilitishwa, kwa sababu sikutishwa. Kwa miaka thelathini na tatu nimewavalisha mabibi harusi wa mji huu na hakuna anayelijua jina langu zaidi ya mama zao. Niliitaka kazi ile. Saa nane mchana niliona Selvi akiingizwa kwenye gari la polisi nyuma ya hoteli. Aliniona. Hakuita jina langu. Nilirudi ukumbini nikaendelea kupiga pasi.

Tarehe 15 Novemba, Jumamosi, nilivalisha washiriki wote kuanzia saa mbili asubuhi. Mchana Yogeswari aliniuliza, "Shangazi, dada Selvi yuko wapi? Kitanda changu leo kimetandikwa na mtu mwingine, shuka limekunjwa kama bahasha."

Nilimjibu kuwa amechukua likizo. Huo ulikuwa uongo.

Fainali ilianza saa 12:30 jioni. Yogeswari aliingia tano bora. Mwendesha kipindi aliwauliza wote swali moja: ni nani katika nchi hii ungependa dunia imjue? Wengine walitaja hekalu, tembo, ukarimu wa watu. Yogeswari alijibu kwa Kitamil na mkalimani akatafsiri. Alisema, "Kuna dada anasafisha vyumba ghorofa ya nne. Anaitwa Selvamani Rasiah. Jana asubuhi nilikuwa na njaa akanilisha kwa mkono wake. Leo yuko likizo. Natumaini mahali alipo ananiona."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja nikazichomeka kwenye kimto cha pini, maana nilihofia kuzimeza.

Yogeswari alikuwa wa tano. Sikungoja picha. Nilifika nyumbani, mume wangu akaniwekea chakula. Nilipouona wali mezani nilishindwa kuugusa. Nilimsimulia yote. Aliniuliza swali moja tu: "Kituo kinafunguliwa saa ngapi?" Nikamwambia kituo hakifungwi. Akasema, "Basi umekuwa ukingoja nini?"

Ninajua kwa nini Selvamani Rasiah hajajitetea. Alimpa binti neno lake, na neno hilo nililisikia kwa masikio yangu. Kama lipo kosa la kuharibu vazi, ni langu. Vazi lingekuwapo tena na binti yupo sakafuni, ningelikata tena. La kunyamaza siku mbili, hilo sina cha kulitetea.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, bila kushurutishwa na mtu.

Sahihi: K. Ekanayake

MAELEZO YA OFISA
Nimeandika haya kama shahidi alivyoyatamka, kisha nikamsomea. Niliposoma sehemu ya kukata vazi nilikuwa nimeandika "tulilikata." Shahidi alinisimamisha, akaomba iandikwe "nililikata mimi." Nimesahihisha, naye ameweka herufi za kwanza za jina lake pembeni.

Picha za kamera zimeangaliwa upya. Mtunza stoo ya mashuka amethibitisha kwa simu suala la mkasi. Bwana S. Wimalaratne ameitwa kufika kituoni leo saa nane mchana. Selvamani Rasiah ameachiwa saa 5:40 asubuhi.

Shahidi aliruhusiwa kuondoka tangu saa tatu, lakini alibaki kwenye benchi la mapokezi. Selvamani alipotoka alimuuliza kama binti amekula leo. Shahidi alisema hajui. Wametoka pamoja kwenda kumwangalia.

Sajini Iresha Dissanayake