Mgongoni mwa Lori

Jumanne, 5 Machi

Niko hai. Hilo kwanza, mengine yatafuata. Mke wangu yuko jikoni anaosha vyombo kwa fujo kama kawaida yake, na leo hiyo fujo naisikia tamu!

Haya. Asubuhi nilikuwa narudi na shuka chafu za nyumba za wageni, nazipeleka kwa dobi. Gari limejaa mpaka nyuma sioni kitu. Mbele nikakuta lori la vigae, tela refu. Nikajibanza mgongoni mwake. Ndiyo tabia yangu, miaka mingi sasa. Lori linaupasua upepo, wewe unapita kwenye tundu lake. Injini inatulia, mguu unagusa mafuta kidogo tu, mshale wa tangi haushuki. Raha! Lakini lazima ulisogelee sana. Mpaka unaona matope yaliyoganda kwenye namba. Cha mbele huoni, unaona mlango wa tela basi.

Kwenye kona ule mlango ukahama. Lori likachepuka kushoto, likatoka barabarani, likalala ubavu mtaroni. Na mbele yangu – lori jingine, bovu, limekaa katikati ya njia. Hakuna alama, hakuna hata tawi. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikasimama karibu kulibusu. Shuka zote zikanijia kichwani.

Nikashuka mbio. Dereva kabanwa mguu, jasho linamtoka. Neno lake la kwanza: "Wa nyuma mzima?"

Nikasema mzima, kaka.

Sikusema ni mimi.

Tulimtoa, mimi na watu wa lile lori bovu. Nikachana shuka nikamfunga mguu. Yeye na maumivu yake yote ananiuliza hiyo shuka imelaliwa na nani. Mtu wa ajabu!

Asante Mungu. Asante, asante.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu kautangazia mtaa mzima. Muuza mkaa kanisimamisha kunipa mkono, eti msamaria mwema. Jioni nimeenda hospitali. Mke wa dereva kanishika mikono yote miwili, hataki kuiachia. Shemeji, bila wewe watoto wangu wangekuwa yatima. Shemeji, keti hapa. Shemeji, kunywa chai.

Nikaketi. Nikanywa. Chai ilikuwa ya moto, nikapata kisingizio cha kutazama chini.

Ijumaa, 8 Machi

Mambo yameharibika.

Mkaguzi wa kampuni ya malori alikwenda kukagua ile kona. Kasema barabarani hakuna alama ya matairi ya lile lori. Maana yake dereva hakukanyaga breki kabisa. Maana yake alisinzia. Wanataka kumfukuza; Alhamisi meneja anakaa kuamua.

Dereva anasema hakusinzia. Anasema angekanyaga breki angeweza kusimama, ila kwenye kona alikuwa ameona kwenye kioo cha pembeni gari dogo limemganda nyuma. Angefunga breki lile gari lingeingia lote chini ya tela. Basi akaachia barabara, akaenda mtaroni.

Wamemcheka. Gari gani? Limekwenda wapi? Watu wa lile lori bovu walikuwa uvunguni, wametoka baada ya kishindo, hawakuona kitu. Wameliita gari la mzimu.

Leo wodini mkewe kaniuliza mbele yake. Shemeji, wewe ulifika wa kwanza. Hukuliona hilo gari?

Nikasema nilikuwa nashughulika na mguu.

Dereva kanitazama. Kisha kageukia ukutani.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Sasa naacha hivi: yule mtu alinichagua mimi, hanijui, akaupeleka mguu wake mtaroni. Na mimi nimemnyima neno moja.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Kakunja shati langu lile lile mara kadhaa. Halafu:

"Kwa hiyo mwenzio kavunjika kwa ajili yako, na wewe unakwenda kunywa chai yake?"

Nikasema naogopa. Gari si langu. Mama mwenye dobi akijua navyoendesha atanipokonya, na kazi nyingine siijui.

"Na yeye anajua kazi gani nyingine? Ndiyo maana kila siku unanisifia gari halinywi mafuta! Kumbe unamning'inia mtu mgongoni kama mtoto!"

Nimecheka. Naye kacheka, kisha kalia. Angenipata chini ya tela, kasema. Angenitambua kwa viatu. Halafu kaja kuketi karibu, kanilalia begani. Sikustahili hilo bega lake kugusana na langu, lakini nimeshukuru.

Kasema kesho naenda. Na kama nitarudi sijasema, nisije kugonga.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesema.

Nilisubiri mke wa dereva atoke wodini kuchota maji. Nikasimama, maana kuketi nilishindwa. Nikasema kaka, lile gari nilikuwa naliendesha mimi.

Hakushtuka. "Taa yako ya kushoto imefifia kama jicho la mgonjwa. Nimekuona nyuma yangu siku nyingi, si hiyo moja. Na uliponifunga mguu ulikuwa unatetemeka kuliko mimi."

Nikauliza kwa nini hakunitaja.

Kasema mtu aliyekushika mguu huwezi kumrukia shingoni hapo hapo. Wengine wangeondoka, mimi nilibaki. Alikuwa ananingoja. "Lakini kazi yangu naitaka, kaka. Tena naitaka sana."

Nikaanza kulia. Kasema machozi niyapeleke Alhamisi kwa meneja, hapa wodini maji yapo.

Mkewe aliporudi, dereva alimwambia mwenyewe. Mama wa watu kaweka ndoo chini. Hakuniita shemeji. Chai hakunipa. Ni haki yake. Lakini nilipoaga kaitikia, na kwa hilo nashukuru.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimekaa mbali na malori. Upepo unanipiga usoni, gari linalalamika mlimani, mshale unashuka. Linywe tu! Nimeona barabara. Kuna miti pande zote mbili, sikujua.

Alhamisi, 14 Machi

Niko kwenye benchi la kampuni ya malori, daftari gotini. Mke wangu kulia. Dereva kushoto, mguu kwenye plasta, magongo kayaegemeza ukutani.

Asubuhi nilimwambia mama mwenye dobi kila kitu. Bora angefoka. Kanyoosha mkono tu: funguo. Kasema atafikiri. Nimekuja kwa miguu, na miguu yote miwili ni mizima.

Meneja na mkaguzi wako ndani. Sauti zinatoka. Bado wanachekea gari la mzimu.

Dereva kaninong'oneza: "Ukitaka kutoroka, kaka, toroka sasa. Mimi sitaweza kukukimbiza." Tumecheka mpaka mke wangu katufinya.

Karani katoa kichwa mlangoni. Anataka kujua nani ni nani. Huyu dereva, sawa. Na mimi? Ndiye yule msamaria aliyemtoa?

Dereva anatazama plasta yake.

Nimesema hapana, dada. Mimi ndiye gari la nyuma.

Kaniangalia kidogo, karudi ndani kuwaambia. Kicheko kimekatika. Viti vinasogezwa. Dereva ananinyooshea mkono nimnyanyue –